Usikate Gripu ya Gofu Bado: Namna ya Kuitoa Ikiwa Nzima na Kuitumia Tena

Ikifika mwezi wa nne hapa Minneapolis na Saint Paul, theluji ikishayeyuka hata kwenye vivuli vya nyumba, magereji hufunguliwa na vitu vilivyolala tangu vuli hutolewa nje. Ndio wakati wa mifuko ya gofu. Utaiona kando ya barabara kwenye mauzo ya gereji, kwenye maduka ya mitumba, na kwenye Play It Again Sports, duka la vifaa vya michezo vilivyotumika ambalo lilianzia papa hapa Minneapolis mwaka 1983. Mfuko mzima wenye fimbo tisa au kumi huuzwa kwa pesa ambayo isingetosha fimbo moja mpya. Mzazi anafurahi, mtoto anafurahi zaidi. Mnafika nyumbani, mtoto anashika fimbo ya kwanza, na mkono unateleza.

Kinachoteleza ni gripu, yaani ule mpira wa kushikia, wenye urefu wa kama sentimita 27, unaovishwa juu ya shafti. Ukipeleka fimbo kwa fundi, mara nyingi jibu lake ni moja: anachukua kisu chenye ncha ya ndoano, anapasua mpira wa zamani kutoka juu hadi chini, anautupa, anavisha mpya. Simlaumu. Kwake muda ni pesa, na kupasua ni kazi ya sekunde chache. Lakini gripu mpya za kawaida ni kama dola 7 hadi 15 kila moja, na ubora ukipanda bei nayo inapanda. Zidisha kwa fimbo kumi, ongeza ufundi, utakuta umelipia mpira wa kushikia kuliko ulivyolipia mfuko wote. Ndiyo maana nyumbani kwetu tulijifunza kutoa gripu zikiwa nzima na kuzihamishia kwenye fimbo nyingine. Kazi yenyewe inahitaji sindano, kimiminika na mkono usio na haraka, na hivyo vitatu muuguzi anavijua.

Nianze na wale watakaouliza: gofu na sisi wapi na wapi? Kweli, wengi wetu tulikua tukiitazama gofu kupitia uzio. Dar es Salaam ilikuwa Gymkhana, Nairobi ilikuwa Muthaiga, na aliyeingia ndani bila kuwa mwanachama aliingia kubeba mfuko wa mtu. Huku mambo ni tofauti kidogo. Minneapolis ina viwanja vinavyoendeshwa na bodi ya mabustani ya jiji: Columbia, Gross, Theodore Wirth, Hiawatha. Saint Paul wana Como, Phalen na Highland. Ni vya umma, unalipa unaingia. Shule za sekondari zina timu za gofu msimu wa machipuko, na kuna mpango wa Youth on Course unaowawezesha watoto waliojiunga kucheza kwenye viwanja vinavyoshiriki kwa dola 5 au pungufu.

Hata hivyo milango hiyo haikuwa wazi kwa watu weusi tangu mwanzo. Uwanja wa Hiawatha ulifunguliwa mwaka 1934, na wachezaji weusi waliruhusiwa kucheza lakini hawakuruhusiwa kuingia kwenye jengo la klabu. Solomon Hughes, mchezaji wa kulipwa aliyehamia Minneapolis kutoka Alabama mwaka 1943, alikuwa miongoni mwa waliolipigania jambo hilo hadi ubaguzi ukaondolewa pale mwaka 1952. Tangu 2022 jengo hilo linaitwa kwa jina lake. Mwanangu ana miaka 13 na ndipo anapofanyia mazoezi, kwa hiyo kila nikimshusha pale nalisoma jina hilo mlangoni.

Basi uwanja wa dola 5 upo, na fimbo za mitumba zipo. Gripu mbovu isiwe ndiyo inayomrudisha mtoto nyumbani. Na sisemi hivyo kwa ajili ya pesa tu. Mpira ukiwa mgumu na unateleza, mtoto huuminya kwa nguvu zote ili fimbo isimtoke, na anayeminya hivyo mamia ya mara kwa wiki huanza kulalamika maumivu kuanzia kiganjani hadi upande wa ndani wa kiwiko. Na fimbo ikimtoka kweli, hairuki peke yake. Huwa kuna mtoto mwenzake amesimama jirani.

Osha kwanza

Kabla ya kutoa chochote, osha. Gripu nyingi zinazoonekana zimekufa zimejaa tu jasho, mafuta ya kujikinga na jua na vumbi la gereji. Maji ya uvuguvugu, matone machache ya sabuni ya vyombo, mswaki wa zamani. Sugua kwa mwendo wa kuzunguka, suuza bila kuloweka, kausha kwa taulo, kisha iache hadi kesho yake. Ikiwa mpira bado unang'aa kama kiti cha daladala, pitisha msasa laini kidogo sana juu yake. Kwenye mfuko wetu wa kwanza nusu ya gripu zilipona kwa kuoshwa tu, na hazikuhitaji kutoka mahali pake.

Zilizobaki zipime. Kunja taratibu mdomo wa gripu, ule mwembamba ulio upande wa kichwa cha fimbo. Ukijikunja na kurudi, mpira bado una uhai na unaweza kuokolewa. Ukipasuka vipande kama ganda la muhogo mkavu, au ukiacha unga mweusi vidoleni, hiyo kata bila huruma. Zipo pia aina zisizopenda kuvuliwa. Zile zilizosukwa nyuzi za kitambaa ndani ya mpira hazitanuki vizuri. Zile laini za kuzungushwa kama bandeji huvutika na kuchanika, wala usizichome sindano. Za fimbo ya kusukumia mpira kwenye shimo, ile inayoitwa pata, huwa nene na za bei, kwa hiyo zinastahili subira zaidi, na kwa hizo upepo ni bora kuliko kimiminika.

Lazima ujue pia unahamishia wapi. Angalia ndani ya mdomo wa gripu. Mara nyingi kuna alama kama M60R au M58R. Herufi M ni saizi ya wanaume, namba ni upana wa tundu kwa sehemu za mia za inchi, na R inamaanisha mviringo kamili. Gripu yenye 58 ukiivisha shafti iliyotengenezewa 60 itavutika na kuwa nene. Kinyume chake italegea. Hapa ndipo wazazi wanaokata fimbo ili zimfae mtoto hushangaa. Shafti ni nene upande wa juu na huenda ikipungua kuelekea kichwani, kwa hiyo ukikata juu, sehemu inayobaki ni nyembamba kuliko ile uliyoondoa. Gripu ileile iliyokuwa imebana sasa itacheza. Dawa yake ni kuzungusha tabaka moja au mawili ya tepu ya karatasi, ile ya mafundi rangi, kabla ya tepu ya gundi.

Inashikwa na nini?

Ukielewa gripu inavyoshikiliwa, kuitoa hakutakusumbua. Chini ya mpira kuna tepu yenye gundi pande zote mbili. Wakati wa kuivisha, fundi hulowesha tepu kwa kimiminika cha kuyeyusha gundi; gundi inakuwa utelezi, mpira unapita, kimiminika kinakauka, gundi inashika tena. Kwa hiyo ukikifikisha kimiminika hichohicho chini ya mpira mara ya pili, gundi italegea tena. Kazi yote ni kukifikisha huko bila kuchana kitu.

Sisi tunatumia kile kinachouzwa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi katika kopo lililoandikwa mineral spirits. Nyumbani ndugu yake wa karibu ni white spirit ya mafundi rangi. Usichanganye na tina, na usitumie asetoni ya kuondolea rangi ya kucha: hizo ni kali, zinaweza kuharibu mpira na kula rangi ya shafti. Petroli usiifikirie kabisa, hata kama kuna mtu alikuambia kwao ndiyo wanayotumia.

Njia ya sindano

Kwanza, usichukue sindano kazini. Wauguzi wenzangu mnanielewa. Mtandaoni na kwenye maduka ya ufundi kuna sindano butu za kuwekea gundi na mabomba yake, kwa bei ndogo. Chagua yenye tundu pana kiasi; kumbuka namba ya geji ikiwa ndogo, tundu ni kubwa. Bomba la mililita 10 linatosha. Vaa miwani ya kukinga macho, kwa sababu kimiminika kilichobanwa chini ya mpira kinaweza kurudi kwa nguvu usoni. Glovu ziwe za nitraili. Za lateksi hulainika na kuharibika zikikutana na mafuta ya aina hii, na utajikuta unaoga mikono bila kujua.

Geuza fimbo, kichwa kiwe juu, ili mdomo wa gripu utazame juu. Funga shafti kwenye jiriwa ukiwa umeizungushia kipande cha mpira au tambara nene, usiikaze hadi ikabonyea. Sisi hatukuwa na jiriwa mwanzoni. Baba yao alishika fimbo, nami nikafanya kazi. Weka beseni chini. Ingiza sindano butu kati ya mdomo wa mpira na shafti, taratibu, na usukume mililita moja au mbili. Zunguka upande wa pili ufanye vilevile. Subiri. Kimiminika kinateremka chenyewe, na baada ya dakika chache mdomo utaanza kuachia. Isukume sindano mbele kidogo, weka tena. Ukibonyeza mpira kwa vidole utaona uvimbe mdogo unatembea. Usukume kuelekea kitako cha gripu kama unavyofukuza hewa kwenye mpira wa dripu. Sehemu inayogoma ndiyo bado kavu.

Kwa gripu za mpira kwenye shafti ya chuma, ikigoma katikati, wapo wanaotoboa kwa sindano yenye ncha. Inawezekana, ila ilaze karibu na mpira, pembe ndogo kama ya kutafuta mshipa ulio juu juu, wala usiisimamishe kama ya kwenye paja. Ikilala, tundu linapita kimshazari na mpira hujifunga wenyewe; ikisimama, ncha inagonga chuma na kupinda, na tundu linabaki wazi. Kwenye shafti ya grafaiti usitoboe. Grafaiti ni nyuzi zilizoshikwa na gundi ngumu, na mchubuko mdogo wa leo unaweza kuwa mahali inapovunjikia kesho. Sindano ya ncha ukimaliza nayo iweke kwenye chombo kigumu chenye kifuniko. Usiitupe kwenye pipa la vitu vya kurejelezwa. Kuna binadamu anayechambua zile taka kwa mikono.

Ukihisi mpira wote unaelea, shika kwa mikono miwili, zungusha kama unakamua nguo, kisha vuta kwa mwendo mmoja kuelekea kitako. Ukisimama katikati, gundi itaanza kushika tena. Ikitoka, igeuze ndani kadiri inavyokubali, ondoa mabaki ya tepu kwa kidole, futa kwa tambara lenye kimiminika kidogo, iache ikauke.

Njia ya upepo

Mwenye kompresa gereji, au jirani mwenye kompresa, ana njia ya haraka zaidi. Kila gripu ina tundu dogo kitakoni. Unaweka ncha ya mpira ya bunduki ya upepo kwenye tundu hilo, unabana isivuje, unapuliza kidogo kidogo. Mpira unavimba, unaachana na shafti, na unausukuma utoke huku upepo ukiendelea. Ukifanikiwa, hakuna kimiminika wala harufu, na gripu inatoka safi.

Ila gripu ya zamani ina sehemu dhaifu usizoziona, na upepo huzijua kabla yako. Inaweza kuvimba upande mmoja kama puto na kupasuka. Anza na nguvu ndogo, funika gripu kwa taulo, vaa miwani. Na usimwelekezee mtu upepo huo hata kwa utani, wala usiupulizie mkono wenye kidonda: hewa yenye nguvu inaweza kuingia chini ya ngozi na kusababisha madhara makubwa. Watoto wakae mbali na kompresa.

Nyumba yenye watoto

Nimefanya kazi wodi ya watoto nyumbani kabla ya kuja kusomea shahada huku, na yeyote aliyefanya kazi hiyo Afrika Mashariki anaijua hadithi ya mafuta ya taa kwenye chupa ya soda. Mtoto ana kiu, anaona chupa anayoijua, anakunywa. Hiki kimiminika cha gripu ni cha ukoo huohuo. Hatari yake kubwa iko kwenye mapafu kuliko tumboni: ni chepesi, kikiingia njia ya hewa hata kidogo kinaleta homa ya mapafu mbaya sana. Ndiyo maana mtoto akikinywa usimtapishe, na usimlazimishe maziwa kama bibi zetu walivyofanya, maana akitapika kinapita njia ya hewa mara ya pili. Hapa Marekani piga 1-800-222-1222, kituo cha sumu, usiku na mchana, bila malipo, na unaweza kuomba mkalimani. Mtoto akikohoa, akikabwa, akipumua kwa shida au akilegea, piga 911 kwanza.

Kwa hiyo kibaki kwenye kopo lake lenye maandishi, juu na kwa kufuli. Usikimimine kwenye kikombe. Ukilazimika kukitoa kwenye kopo, tumia bakuli la bati, na kinachobaki kisilale mezani.

Jambo la pili ni moto. Nyumba zetu za huku zina hita ya maji na tanuri ya kupasha nyumba joto kwenye besimenti, na nyingi zinatumia gesi yenye mwali. Mwezi wa pili, nje kukiwa na nyuzi kumi na tano chini ya sifuri, utashawishika kuteremka besimenti kufanya kazi hii kwenye joto. Usiende. Subiri siku ya machipuko, fungua mlango wa gereji wote, zima chochote chenye moto. Gofu yenyewe haichezwi kwenye theluji, kwa hiyo hakuna unachokikosa. Matambara yaliyolowa yatandaze nje yakauke kabla ya kuyatupa.

Kuivisha tena

Safisha shafti. Tepu ya zamani kwenye chuma unaweza kuikwangua. Kwenye grafaiti ipashe joto kwa draya ya nywele, kisha tumia kikwangulio cha plastiki. Zungusha tepu mpya ya pande mbili, iache izidi nusu inchi juu ya shafti, ikunje iingie ndani ya tundu la shafti ili maji yasipate njia. Ziba tundu la kitako cha gripu kwa kile kijiti cha kuwekea mpira, mimina kimiminika ndani, ziba mdomo kwa kidole, tikisa, kisha mwagia tepu chote, huku beseni likipokea. Sasa usisite: bana mdomo wa gripu, uingize kwenye shafti, sukuma hadi kitako kigonge mwisho. Una dakika moja hivi ya kunyoosha alama zake zilingane na uso wa fimbo. Iache usiku kucha. Kesho yake jaribu kuizungusha kwa nguvu. Ikisogea hata kidogo mtoto asiipige bado.

Kwa wenye wazazi au wakwe wanaocheza na vidole vyao vina baridi yabisi, tabaka mbili za ziada za tepu chini ya gripu iliyookolewa huifanya iwe nene, na mkono unaouma hauhitaji kuikamata kwa nguvu. Baba mkwe wangu alipokuja kututembelea tulimtengenezea mbili hivyo, na hakutaka kuziacha.

Hilo linanikumbusha wanaojaza mapipa ya kupeleka nyumbani. Fimbo zilizotumika zinapokewa vizuri na vijana wanaojifunza, maana kule gripu moja ya kuagiza ni gharama. Peleka fimbo, peleka gripu ulizookoa zikiwa zimeoshwa na kukaushwa, peleka roli kadhaa za tepu. Kimiminika usipeleke: kinashika moto, na mashirika ya ndege hayakiruhusu, si kwenye begi la mkononi wala la chini. White spirit itapatikana kwenye duka la rangi hukohuko. Fimbo zenyewe hazipandi nawe kwenye kabini. Zinaenda na mizigo.

Na kimiminika kilichobaki kwenye beseni, cheusi kwa gundi, usikimwage kwenye sinki wala kwenye mfereji wa barabarani, kwa sababu mifereji ya barabarani huku inaishia kwenye maziwa na kwenye mto Mississippi. Kiache kitulie kwenye kopo la bati lenye kifuniko. Uchafu utazama, na cha juu unaweza kukitumia tena kwa fimbo zinazofuata. Kisichofaa, wakazi wa kaunti ya Hennepin tunakipeleka kwenye vituo vya kaunti vilivyoko Brooklyn Park na Bloomington, ambavyo hupokea kemikali za nyumbani. Wa Saint Paul, kaunti yenu ya Ramsey nayo ina utaratibu wake. Angalieni saa za kufungua kabla ya kuwasha gari.